Tusimuulize mgonjwa anasali wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua, na naomba radhi mapema kwa urefu. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Uyole hapa Mbeya. Nimefanya kazi wodini miaka 34, sehemu kubwa katika hospitali za misheni huko Njombe na Makete, na miaka ya mwisho hapa mjini. Ni Mkristo wa kuzaliwa na wa kuamua. Kanisa ninalosali sitalitaja, maana ninalipenda na ndilo litakalonizika, na haya ninayotaka kuyasema hayako kwetu peke yetu.

Kila Alhamisi saa kumi jioni kamati yetu ya wagonjwa hupita majumbani. Tunaimba ubeti mmoja au miwili, tunasoma Neno, mzee wa kanisa anaomba, tunaacha kilo mbili za mchele au mche wa sabuni, tunahamia nyumba nyingine. Nilipovunjika mkono mwaka juzi walikuja kwangu wiki sita bila kukosa. Mtu aliyelala ndani peke yake ndiye anayejua sauti za watu wanaoimba uani zina thamani gani.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano mwaka huu tulikuwa akina mama sita na mzee mmoja. Tumetoka kwa mgonjwa wa kwanza, mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na miwili akatukimbilia barabarani. "Shikamooni. Bibi amesikia mnaimba, anaomba mpite na kwetu." Ilikuwa nyumba ya tatu tu kutoka pale. Tulipofika kwenye geti la mabati nikaona ua umefagiliwa muda uleule, mistari ya ufagio bado iko juu ya vumbi. Benchi limetolewa nje. Pembeni kuna kiti kimoja cha plastiki kimetandikwa kitenge, kile cha kukalia mtumishi. Mzee wetu akamuuliza mtoto jina la bibi yake, akafungua daftari la waumini, akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akalifunga. "Huyu si wetu. Anasali kule kwenye kanisa la turubai."

Tukaomba palepale nje ya geti, watu saba tumesimama, dakika moja haikufika. Tukaondoka. Niligeuka mara moja nikamwona yule mtoto analirudisha benchi ndani. Alikuwa amelibeba kichwani, peke yake.

Na mimi niliondoka, Mhariri. Sikusema neno. Ndiyo maana usiku ule usingizi haukuja, na ndiyo maana naandika.

Asubuhi nilichukua mfuko wangu nikarudi. Nilikuwa nimesikia kwamba bibi ni Mbena wa Njombe na ana kidonda mguuni, nikamwamkia "Kamwene". Akatabasamu, akaitikia, akauliza nimejifunzia wapi. Tukazungumza kidogo habari za kwao, baridi, viazi, mahindi yalivyokauka, ndipo nikamwomba nione mguu. Alikuwa ameufunga mfuko wa nailoni, juu yake kipande cha khanga. Nilipofungua, harufu ya kwanza ilikuwa ya marashi, ya pili ikawa ile ambayo muuguzi yeyote anaijua. Kwenye unyayo, chini ya kidole gumba, kulikuwa na shimo la upana wa kifuniko cha soda. Kingo zimekuwa ngumu na nyeupe kama sugu, ndani peusi. Nikagusa kwa ncha ya kibano, nikamuuliza, "Unasikia?" Akanijibu, "Kwani umeshagusa?"

Hapo nilipata hofu. Kidonda kinachouma kina nafuu, kwa sababu mwenyewe atakikimbiza hospitali. Hiki kisichouma ndicho kinachoondoka na miguu ya watu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya nyayo, na inaziba ile ya damu, kwa hiyo mtu haoni maumivu na nyama haipati chakula cha kujijenga. Bibi alikuwa anaota moto. Kwa baridi ya huku kwetu, jioni mtu unasogeza miguu kwenye jiko la mkaa, na yeye alisogeza akaungua na hakujua mpaka mjukuu alipouliza nini kinanuka. Nilimpima kwa kipimo changu kidogo: sukari 22, iko juu mno. Vidonge alikuwa ameviacha tangu mwezi wa pili.

Kwa nini aliviacha? Kwa sababu aliombewa kanisani kwake, akatangazwa mbele ya watu kwamba amepona, na mtu aliyepona hanywi dawa. Kidonda kilipotokea akauziwa mafuta ya upako, chupa ndogo ya shilingi 15,000. Alinionyesha tatu, mbili tupu. Alikuwa anayamimina mle ndani asubuhi na jioni. Kidonda kilipozidi akaambiwa aitafute dhambi iliyofichika, akaitafuta kwa machozi, akatubu hata ugomvi wa shamba wa miaka ishirini iliyopita. Mwishowe wakaacha kuja. Alinieleza haya yote bila kumlaumu mtu. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa kuwa wao walimwacha kwa sababu hakupona na sisi tulimwacha kwa sababu hakuandikwa.

Nilichemsha maji nusu lita, nikaweka kijiko cha chai cha chumvi, nikaacha yapoe, nikaosha. Nikamwomba ruhusa tuombe. Nikaweka mkono kwenye goti lake, tukaomba kwa Mungu aliyeuumba ule mguu, na tulipofika amina nikampigia simu kijana wa bajaji wa nyumba ya jirani. Kijana huyo ni Mwislamu. Alimbeba bibi mgongoni kutoka kitandani mpaka kwenye bajaji, na kwa safari zote nne za hospitali mwezi ule alipokea hela ya mafuta tu, shilingi 3,000. Bibi alilazwa siku tisa. Nyama iliyooza ikakatwa, akaanzishwa sindano za insulini. Bima hakuwa nayo, wakati CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, bei ya chupa mbili za yale mafuta. Binti yake anayeuza nafaka Makambako alituma fedha. Uji wa asubuhi alikuwa anapewa na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Baada ya hapo nikalipeleka jambo kwenye kamati. Naomba niwatendee haki wenzangu, si watu wabaya. Mtunza hazina alisema mfuko wa wagonjwa unatokana na sadaka ya Jumapili moja ya mwezi, na ni kweli, unabaki na kitu kidogo sana. Mama mmoja akasema tukianza na mmoja, Uyole yote itajaa getini. Mzee wetu akafungua Wagalatia 6:10, pale Paulo anapotuagiza kuwatendea watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Akalikazia lile "hasa".

Nilirudi nyumbani nikakaa na mstari huo wiki nzima. Nimeona mambo mawili. La kwanza, "hasa" haiwezi kulifuta "wote" lililotangulia. Mama akisema watoto wote wapewe chakula, hasa yule mgonjwa, wengine hawalali njaa. Na bibi wa kwenye turubai amebatizwa, anamwita Yesu Bwana. Kama yeye si jamaa ya waaminio, basi neno hilo tumelifanya liwe na maana ya daftari letu.

La pili nililikumbuka kutoka chuoni. Tulikuwa na mwalimu wa historia ya uuguzi, sista mzee aliyependa kutusimulia kuliko kutuandikia ubaoni. Alitueleza habari za Kaisari Julian wa Roma, aliyeukataa Ukristo na kutaka kuirudisha ibada ya miungu ya zamani. Mwaka 362 kaisari huyo alimwandikia kuhani wake mkuu barua ya kulalamika kwamba ni aibu kwao, kwa sababu Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na juu ya hapo wanawalisha na maskini wetu. Akamwagiza kuhani ajenge nyumba za kupokea wageni na wahitaji, ili wasipitwe. Na kuhani huyo, Mhariri, alikuwa kuhani wa wapi? Galatia. Nchi ileile ambayo Paulo aliwaandikia watu wake miaka kama 300 kabla. Nilipokuwa msichana wa chuo nililisikia kama hadithi. Sasa nikiwa na daftari mbele yangu nalisikia vingine kabisa. Wagalatia waliusoma mstari uleule tunaousoma sisi, na adui wa imani yao akatoa ushuhuda kwamba waliusoma mpaka kwenye "wote".

Sista huyohuyo alitufundisha habari za Fibi wa Warumi 16, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na za Mchungaji Fliedner na mkewe walioanzisha mwaka 1836 kule Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya kuwafundisha wanawake uuguzi. Mwaka 1851 alikwenda kujifunza pale Florence Nightingale, Mwanglikana kutoka Uingereza. Nasema kidogo juu ya hilo kwa sababu vijana wa leo wanamjua Nightingale wa taa tu, yule muuguzi aliyezungukia majeruhi usiku na taa mkononi. Alijifunza kuosha kidonda katika nyumba ya kanisa ambalo si lake, akaenda kuwaosha askari bila kuangalia wanasali wapi.

Nirudi kwetu. Kwenye faili la mgonjwa, tangu nilipoanza kazi, kuna mstari umeandikwa "Dini". Siku yangu ya kwanza wodini nilimuuliza muuguzi mkuu, mama wa Kikinga mwenye sauti ya chini, mstari ule ni wa nini. Akaniambia, "Ni wa usiku." Sikumwelewa. Akaeleza kwamba mgonjwa akizidiwa usiku, lazima ujue unamwita nani, padri, mchungaji au shehe. Mchana mstari ule hauna kazi. Nimekaa na jibu hilo miaka 34. Kila asubuhi kabla ya zamu tulisali pamoja, daktari, wauguzi, mpishi, fundi wa jenereta, tukiwaombea wagonjwa kwa namba za vitanda. Kitanda namba saba. Kitanda namba kumi na mbili. Mungu alijua nani yuko pale. Sala ilipokwisha tulienda kazini, na sikuwahi kumwona mtu akikwepa kitanda kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye faili.

Hebu kila msomaji wa Nyanda za Juu Kusini ajiulize alizaliwa wapi, na mama yake alishonwa wapi. Ilembula na Itete na Matema ni za Walutheri. Isoko na Mbozi ni za Wamoravian. Igogwe, Tosamaganga na Ikonda ni za Wakatoliki, na Peramiho kule Songea ni ya watawa wa Kibenediktini. Chimala ni ya Kanisa la Kristo. Ikonda iko milimani Makete, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo zamani kufika ilikuwa toba, na watu wanatoka mikoa ya mbali kuipandia. Kwenye mabenchi yake utakuta kanzu, rozari, na mabinti wa maombi wenye vilemba vyeupe, wamekaa bega kwa bega wakisubiri kuitwa. Mwaka 1992 Wakatoliki kupitia baraza la maaskofu wao na makanisa ya Kiprotestanti ya Jumuiya ya Kikristo waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, wakaingia makubaliano na serikali, na wilaya kadhaa hospitali yake teule, ile inayotumika kama hospitali ya wilaya, ni ya kanisa. Hakuna aliyewahi kusema hospitali teule ihudumie waumini kwanza. Watu wangeshangaa. Sasa mbona kwenye sala, ambayo haina gharama ya gozi wala dripu, ndipo tunapoweka geti?

Wapo watakaosema hospitali ni hospitali, maombezi ni jambo la kiroho, mtu aombewe na mchungaji wake. Mimi ninaamini uponyaji. Nimeona mgonjwa tuliyekwisha kumkatia tamaa akiamka akaomba chai. Sina maelezo na sitafuti. Lakini tazama Bwana mwenyewe alivyofanya. Siku alipohubiri Nazareti, katika Luka 4, watu walimfurahia mpaka alipowakumbusha kwamba wajane walikuwa wengi Israeli siku za Eliya na nabii akatumwa kwa mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni, na kwamba wenye ukoma walikuwa wengi siku za Elisha na akatakaswa Naamani wa Shamu. Hapo wakajaa ghadhabu, wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingoni mwa kilima wamtupe. Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, yote yanaishia pale anaposema Roho wa Bwana yu juu yangu. Machache yanafika kwenye ukingo wa kilima. Walikasirika kwa jambo hilihili ninaloandika leo, uponyaji kuvuka daftari.

Na huyo Naamani hakuwa jirani mwema. Alikuwa jemadari wa nchi iliyowavamia. Aliyemwelekeza kwa nabii ni msichana mdogo aliyetekwa vitani akafanywa mtumishi wa mke wake. Nimewafikiria sana mabinti wetu wa kazi za ndani kwa ajili ya msichana huyo. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kuuacha ule ukoma umle bwana wake, akasema laiti angekuwa pamoja na nabii aliye Samaria. Naamani akapona, akarudi na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi. Elisha akakataa vyote. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyekimbia nyuma ya gari akaomba talanta moja na mavazi mawili, akapewa talanta mbili, na ukoma wa Naamani ukahamia kwake. Watumishi wanaouza chupa kwa shilingi 15,000 na vitambaa vya upako, nawaomba mwisome sura hiyo ya tano ya Wafalme wa Pili polepole. Bwana alipowatuma wanafunzi wakapoze wagonjwa aliwaambia wamepata bure, watoe bure. Mafuta yaliyotajwa na Yakobo yanapakwa na wazee wa kanisa. Hayana lebo wala bei.

Jambo la dawa siwezi kulipita haraka. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa Makete na Njombe, na wanaojua wanajua ilikuwa miaka gani. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Kulikuwa na wachungaji waliokataa kuingia ndani, wakiombea mlangoni, na kulikuwa na waumini waliosema ni malipo ya dhambi. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure na serikali mwaka 2004 tuliona watu waliokwisha kuandaliwa sanduku wakisimama na kwenda shamba kulima viazi. Huo nao ulikuwa uponyaji, na nilimshukuru Mungu kwa machozi. Kisha nikampoteza kijana mmoja, fundi seremala, aliyekuwa amerudi uzito wa kilo 64 na kuposa. Aliambiwa kwenye mkutano kwamba kuendelea kunywa dawa ni kumtukana Mungu aliyemponya. Alizitupa chooni. Ilichukua miezi saba. Nilimwosha kwa mikono hii.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022/23 unaonyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Maana yake kwenye kila benchi la kanisa huku kwetu amekaa mtu anayemeza dawa usiku. Mtumishi akitamka kwa kipaza sauti neno moja la kizembe juu ya dawa, anazungumza na watu hao. Na yupo mchungaji mmoja wa Njombe, ninamkumbuka kwa heshima, aliyekuwa ameandika nyuma ya Biblia yake tarehe za kliniki za wagonjwa wote wa kijiji chake, wa kanisa lake na wasio wa kanisa lake. Alikuwa akimaliza kuomba anauliza, "Na Jumanne umeenda?" Wengine alikuwa anawapeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi kwenye vikao lakini ipo, ya kuibiana kondoo. Ukimwombea muumini wa mwenzako, kesho utaonekana unamvuta. Hofu hii ina msingi, maana wengine wanafanya hivyo kweli, wanamkuta mtu kitandani hana nguvu wanamuuliza ataokoka lini kwao. Mimi nilimwambia bibi siku ya kwanza, "Mama, sijaja kukuhamisha." Nikamwomba namba ya mchungaji wake nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Kumbe ni kijana wa miaka kama ishirini na minane, anauza vocha mchana. Alikuja jioni, akasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Akaniambia kwamba kidonda kilipozidi hakujua la kufanya, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Yale mafuta yanaletwa na wakubwa wake kutoka mjini na anadaiwa hesabu. Nilimwonyesha namna ya kuangalia nyayo za mtu mwenye sukari, katikati ya vidole, kwenye kisigino, na kwamba asiruhusu mtu wa namna hiyo aote moto bila mwingine karibu. Alikuja tena na unga wa ulezi. Hasira yangu kwake imekwisha. Wanaomwongoza ndio nina maneno nao.

Ninachoomba kwa kamati yetu, na kwa kamati zote kuanzia Tunduma mpaka Makambako, si kugawa mfuko wa waumini kwa kila mpita njia. Mchele uende kwa walioandikwa kama hakuna wa kutosha, sitagomba. Ila Alhamisi tufuate barabara, tusifuate daftari. Nyumba iliyo na mgonjwa na inayotukaribisha, tuingie, tukae, tuombe, tuulize kama dawa zipo na kliniki ni lini, na tumjulishe kiongozi wake wa dini kwamba mtu wake anaumwa. Mgonjwa Mwislamu akikubali tumwombee, tumwombee. Asipokubali, tumchotee maji na tumfulie shuka. Kila kanisa huku lina muuguzi, mkunga au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyestaafu ambaye hajapewa kazi nyingine zaidi ya kuhesabu sadaka. Mpeni mfuko wenye gozi, glovu na kipimo cha sukari, aende na waimbaji.

Kamati inakutana tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao na nimeomba jambo hili liwe kwenye ajenda. Barua hii nimemsomea mzee wetu kabla ya kuituma, ili asiikute gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza bibi anaendeleaje.

Anaendelea vizuri. Kidonda kimebaki upana wa sarafu ya shilingi 200, ndani pamekuwa pekundu, pembeni ngozi mpya inaingia polepole kama ukungu mwembamba. Mjukuu amejifunza kuandaa maji ya chumvi na anashika beseni bila kugeuza uso. Jumapili bibi anapelekwa kwake kwenye turubai kwa bajaji. Alhamisi iliyopita akina mama watatu wa kamati walinifuata bila daftari. Tulipokata kona tulimwona mtoto amesimama getini anatazama barabara, akatuhesabu, akakimbia ndani kulitoa benchi.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya.